Fundi wa Sidiria Hayuko Kasha

Bukavu, mchana, siku moja kabla ya safari yako

Nsimire mwanangu,

Ninapoandika haya uko njiani kwenda mtaa wa Kasha, na kikapu cha maharagwe mkononi, na kile kikwembe kipya ambacho shangazi yako alikupa kwa ajili ya Lubumbashi. Unakwenda kumshukuru fundi aliyekushonea zile sidiria tatu. Kesho gari litakupeleka Kavumu, ndege itakuchukua, na mimi nimebaki na saa chache tu za kukuambia kwamba huko Kasha hutamkuta. Fundi huyo hayuko. Aliyezishona ni mimi.

Usiikunje barua hapa. Soma mpaka mwisho.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala za kufunga sanduku kwa kufuli, wala za wanaume wa Lubumbashi. Hayo utayasikia kwa shangazi yako, ambaye amekuwa akiyaandaa tangu Pasaka. Mimi nina jambo moja. Daktari amesema moyo wangu umechoka, na sote wawili tunajua hiyo ni lugha yake ya heshima. Sitakuona ukihitimu udaktari wa mifugo. Lakini leo moyo huohuo unadunda kama wa msichana aliyevaa viatu vipya, na wala si ugonjwa. Tangu juzi, nilipokuona ukikimbia uani, nimekuwa na furaha ambayo sijui niiweke wapi. Nina hofu pia, kwa sababu utarudi kutoka Kasha na swali. Basi nikujibu kabla hujaliuliza.

Unakumbuka Jumamosi zetu za sokoni Kadutu. Unakumbuka meza ya Mama Furaha, muuza mitumba, yule aliyepima sidiria kwa ngumi. Mteja akifika, anamtazama kifuani, anachomoa moja kutoka kwenye lundo, anaitumbukiza ngumi yake ndani ya kikombe na kutangaza mbele ya watu wote. Huyu ngumi moja. Huyu ngumi moja na vidole. Siku ya kwanza nilipokupeleka ulikuwa na miaka kumi na minne, umevaa sare ya shule, umekumbatia daftari kifuani ingawa haikuwa siku ya shule.

"Toa ile kaye, nione," akakuambia.

Ukalishusha daftari. Akatazama, akaingiza ngumi, akaitoa, akachukua sidiria nyingine, akaingiza ngumi zote mbili.

"Maman ya mutoto," akaniambia, "minasema kweli, Mungu alichanganya bipimo. Huyu iko na mbavu ya kuku na kifua ya maman ya batoto munane. Sutien yake itatoka wapi?"

Meza zote za jirani zikacheka. Muuza sabuni alicheka mpaka akakaa chini. Wewe uliinamisha kichwa, na mimi, mama yako, nikacheka pamoja nao. Nilicheka ili ionekane ni jambo la kawaida. Kicheko hicho nakisikia hadi leo.

Tukatafuta. Tulikwenda kwenye maduka ya mjini, yale yaliyokuwa ya Wagiriki kabla serikali haijayagawa kwa wenyeji, tukakuta rafu zina chumvi na vibiriti tu. Tulivuka mto Ruzizi hadi Cyangugu, Rwanda. Shangazi yako aliulizia hadi Bujumbura. Kila mahali tulionyeshwa zile za watu wa kawaida, yaani tisini na tisini na tano, na ukisema unataka ya mbavu ndogo na kikombe kikubwa, muuzaji anakutazama kama umemwomba kiatu chenye visigino viwili. Kijana mmoja muuzaji wa Cyangugu alituambia, "Kamateni cent cinq. Kama inapwaya, nyuma mutafunga na pini." Tukaichukua hiyo ya mia na tano. Ukafunga na pini. Mgongoni ilipanda hadi kwenye shingo, mbele ikashuka hadi tumboni, na pini ikakuchoma siku ya mtihani wa hesabu.

Sasa nisikilize. Zile safari zote nilizifanya nikijua hatutapata. Na hata kama tungepata, tulikuwa na cherehani nyumbani, na mimi nilijua kukushonea tangu siku ile ya kwanza.

Nilijua pia kwamba tunanunua vibaya. Katika namba ya sidiria, tarakimu ni ya mbavu, na herufi ndiyo ya titi. Kadutu nzima inasoma tarakimu peke yake. Mtu mwenye kifua kikubwa anapewa tarakimu kubwa, ambayo ni sawa na kumpa mtu mwenye miguu mirefu suruali yenye kiuno kipana. Mzigo unapaswa kubebwa na mkanda wa chini, ule unaozunguka mbavu, na mkanda ukilegea mzigo wote unahamia mabegani. Haya nimeyajua tangu kabla hujazaliwa. Na bado nilikununulia mia na tano.

Nilijifunza kwenye foyer, kituo cha mafunzo ya wanawake, wakati wa Wabelgiji, nilipokuwa naandaliwa kuwafundisha wanawake wenzangu ushonaji. Aliyetufundisha alikuwa bibi mmoja wa Kibelgiji, mwembamba, mkali, ambaye hakuwahi kucheka darasani. Wakati huo mimi nilikuwa najifunga kitambaa cha amerikani kuzunguka kifua, kama masista walivyonielekeza shuleni, nakikaza mpaka pumzi inakuwa fupi. Siku moja nilizirai juu ya meza ya kukatia nguo. Aliwatoa wenzangu nje, akafunga mlango, akanifungua kitambaa, akaona alama zangu. Kisha, mwanangu, akafungua vifungo vya blauzi yake mwenyewe. Alikuwa ameumbwa kama mimi na wewe, mbavu ndogo na kifua kikubwa. Sidiria yake ilishonwa kwa shuka ya kitanda.

"Mimi pia hakuna duka linalonijua," akasema kwa Kifaransa chake cha haraka. "Hapa wala Ubelgiji."

Tukatazamana, wanawake wawili nusu uchi kati ya mashine za kushona, tukaanza kucheka, yeye wa kwanza. Kuanzia siku hiyo alinibakiza kila baada ya somo. Alinifundisha kupima mbavu huku mtu ametoa pumzi, na kupima kifua huku ameinama. Alinifundisha kukata kikombe katika vipande vitatu badala ya viwili, kwa sababu vipande viwili vinachongoka na vitatu vinabeba. Nyumbani nilirudi nimesimama wima hata mama yangu, bibi yako wa Nyangezi, akauliza nimeota urefu lini.

Tangu wakati huo zote nilizovaa nimezishona mwenyewe. Wewe uliniuliza mara moja, "Maman, mbona za kwako hazizeekake?" Nikakujibu kwamba nilizinunua kwa Mgiriki zamani, na vitu vya zamani vilikuwa imara. Ulikubali. Ulikuwa mtoto wa kukubali.

Unataka kujua kwa nini. Mimi pia nimejiuliza, na jibu ni la kweli ingawa halinitoi kwenye kosa.

Mwaka ule ulipofikisha miaka kumi na minne, shule yenu ilikuwa inachagua wasichana wa animasyo, wale wa kucheza na kuimba wageni wa Chama wanapokuja. Wewe ulikuwa na sauti na ulijua kucheza. Nami nilikuwa bado nafundisha shule nyingine, na katika darasa langu kulikuwa na msichana aliyejaliwa kifua kama chako, ambaye walimweka mstari wa mbele. Baada ya sherehe moja aliitwa kwenye gari la wageni ili "akasalimie". Alirudi nyumbani kwao siku iliyofuata. Darasani kwangu hakurudi tena. Mama yake alikuja kuchukua madaftari yake, na hatukuweza kutazamana machoni.

Jioni ile nilitoa amerikani kabatini, nikapasua mkanda mpana, nikakufunga. Nilikuambia ni kwa muda, mpaka tupate sutien yako. Kisha nikaanza kukupeleka Kadutu kila Jumamosi, nikikufungua mkanda ili upimwe na uone kwamba mama yako anatafuta. Kwa mkanda, na baadaye kwa zile mia na tano, ulionekana kama gunia lililofungwa katikati. Mwalimu wa animasyo akapita mbele yako, akamchagua mwingine. Nilirudi nyumbani nikapika kuku. Ulidhani ni kwa sababu ya matokeo yako ya muhula.

Kama ningeishia hapo, pengine ningejisamehe. Lakini wageni wa Chama walipita, ukatoka katika shule ile, ukawa na miaka kumi na sita, kumi na saba, na mimi sikufungua cherehani. Nilikuwa nimezoea wewe usionekane. Ilinipa usingizi.

Na nikaona ulivyolipa. Uliacha voliboli, uliyoipenda kuliko chakula, ukasema goti linauma. Ukaacha kwaya. Mwalimu wako wa biolojia alinisimamisha baada ya misa, akasema, "Mama, binti yako anajua majibu yote, lakini nikimwita ubaoni anasema hajui." Nilimjibu kwamba una haya, umenifuata mimi. Ile ilikuwa dharau kwa wote wawili, kwa sababu mimi sikuwa na haya, na wewe hukuzaliwa nazo. Msichana aliyekuwa anasimama juu ya jiwe kwa babu yake kijijini Mudaka, akiita ng'ombe mmoja mmoja kwa jina mpaka wote wageuke, hakuzaliwa na haya. Nilipokuogesha ulipokuwa na malaria mwaka jana, niliona mifereji miwili mabegani mwako ambapo mikanda ilikuwa imekula. Niliipaka mafuta. Bado sikusema.

Kilichonivunja ni kidogo. Barua ya kukubaliwa chuoni ilipofika, rafiki yako Mwamini alikuja, mkakaa uani mnachambua majani ya sombe chini ya dirisha langu. Mlidhani nimelala.

"Daktari wa ng'ombe," Mwamini akasema. "Batakuita usiku, ukazalishe ng'ombe."

"Sitaenda kule," ukajibu. "Nikifika nitaomba banipeleke mu comptabilité, kusoma hesabu ya feza."

"Weye? Na vile unapendaka banyama?"

"Nikimbize ng'ombe na hii kifua, Mwamini? Bastudenti bote baniangalie? Mu comptabilité banakaaka tu nyuma ya meza."

Mwamini alichambua jani moja la sombe. Kisha akasema taratibu, "Basi ng'ombe ya babu yako batalia." Mkacheka, lakini wewe uliacha kucheka kwanza.

Nililala pale nikitazama dari. Kwa mikono yangu nilikuwa nimemwepusha mtoto wangu na gari la wageni, na kwa mikono ileile nilikuwa namweka nyuma ya meza maisha yake yote.

Kesho yake nilikuita nikupime libaya, blauzi ya kikwembe ya safari. Ulinyanyua mikono. Nilipopitisha utepe chini ya matiti na kukuambia utoe pumzi, ukauliza, "Maman, ni libaya gani banapimaka pale?" Nikasema ni mtindo wa sasa. Nilipokuambia uiname, ukacheka, "Hii mtindo ya sasa iko na maneno." Nami nilikuwa nimeuma pini midomoni ili nisicheke wala nisilie.

Mwanangu, hujui raha niliyoipata. Ulipokuwa unaenda sokoni, au kwa Mwamini, au kuhangaikia karatasi zako, mimi nilikuwa nashona. Kitambaa ni ile shuka nzuri ya arusi yangu, ya pamba nzito. Baba yako, Mungu amrehemu, angeelewa. Kulabu nimezing'oa kwenye zile mia na tano, ambazo hatimaye zimefanya kazi ya maana. Nachoka upesi siku hizi, nikawa napumzika kila mshono mmoja. Ya kwanza ilikosea, kikombe cha kushoto kiligeukia dirishani. Nikaifumua. Ya pili ikakaa. Nilipoiinua mbele ya mwanga, ilikuwa na umbo lake yenyewe, kama kitu kinachomjua mtu wake. Niliimba. Jirani aliuliza ukutani kama kuna wageni.

Halafu juzi nikakupa zote tatu zimefungwa kwenye gazeti, na badala ya kusema kweli, ulimi wangu ukasema, "Kuna fundi mmoja Kasha."

Uliingia chumbani. Ulikaa sana. Nilidhani haijakaa, nikaanza kujilaumu kuhusu mshono wa chini. Kisha ukatoka, umevaa blauzi juu yake, umesimama katikati ya sebule, na sikukujua. Shingo yako ilikuwa ndefu. Ulinyanyua bega moja, ukalishusha, ukanyanyua jingine, kama mtu anayetafuta maumivu aliyoyasahau mahali fulani. Ukaruka mara moja, kidogo. Ukaruka tena, juu zaidi.

"Maman," ukasema, "naruka, na kifua inabaki mahali yake."

Ukatoka nje. Nilikuona dirishani ukikimbia hadi kwenye lango na kurudi, ukikimbia tena, kuku wakitawanyika, mwanamke mzima wa miaka kumi na tisa, ukicheka peke yako. Nilishika dirisha kwa mikono miwili. Nikasema, Mungu, hata ukinichukua leo hii hatudaiani.

Uliporudi ukihema ukauliza jina la fundi. Nikasema Mama Nabintu. Lilitoka tu mdomoni.

"Nitaenda kumuambia aksanti mbele niondoke."

"Kasha ni mbali," nikasema. "Na ana kazi nyingi."

"Ule maman amenitolea mawe mu mabega. Miguu yangu itashindwa kumufikia?"

Leo asubuhi nilikuona ukikikunja kile kikwembe kipya, unakilaza juu ya maharagwe, unakisawazisha kwa kiganja. Kilikuwa kizuri kuliko vyote ulivyonavyo. Nilifungua mdomo. Ulinibusu, ukaondoka, mgongo umenyooka kama mlingoti wa bendera. Muda huu unabisha hodi Kasha nyumba kwa nyumba, unauliza Mama Nabintu anayeshona sutien, na watu wanakushangaa.

Nimeishi nikiamini kwamba kumpenda mtoto ni kumficha. Walionificha mimi kwa amerikani walinipenda pia, nadhani. Ilihitajika mtu anifungie mlango na anifungulie blauzi yake ndipo nijue kwamba kuna namna nyingine, na nikaijua, nikaila peke yangu miaka yote. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko uongo wenyewe. Yule bibi alinifundisha bila kuombwa. Mimi nilimnyima niliyemzaa.

Huko Lubumbashi watakuwapo wanaokutazama. Mimi sitakuwapo na sitakuwa na kitambaa cha kukufunga. Watazame nawe. Mkubwa akikuita kwenye gari lake, kataa kwa sauti, sauti ile ya kuita ng'ombe, watu wageuke. Nilipaswa kukufundisha hilo ukiwa na miaka kumi na minne. Lilikuwa fupi kuliko safari moja ya Cyangugu. Na usiende comptabilité. Ukienda kwa sababu unapenda hesabu, sawa, lakini mimi ndiye niliyekufundisha hesabu, na najua huzipendi.

Nilikusudia kuificha barua hii chini ya sanduku, kati ya sweta na blanketi, uikute ukishafika. Nilikwisha kupachagua mahali pake. Kumbe huo ni uleule ujanja wangu wa zamani: nikuambie ukweli pale ambapo huwezi kunifikia. Pengine ungepata nafasi ya kuja likizo kunigombeza, pengine ungenikuta nimekwisha kwenda, ukabaki na hasira isiyo na mtu wa kuipokea. Hapana. Nitakupa mkononi, ukiingia tu. Uisome hapa sebuleni, mbele yangu, na uniambie lolote. Shangazi yako nimemwomba aje baadaye.

Sidiria tatu hazitakufikisha mwisho wa masomo, na mwili wako bado utabadilika. Nimekata ya nne. Vipande viko mezani: vitatu vya kulia, vitatu vya kushoto, mkanda wa chini, na vya mabegani. Sitavishona. Utavishona wewe leo, kwa cherehani hii, na mimi nitakaa kando nikuonyeshe pa kupitisha sindano, kwa sababu mahali pamoja kwenye duara la chini hapaelezeki kwa maandishi. Nimekwisha kutia uzi.

Kwa hiyo soma, mwanangu, kisha nikasirikie. Ukimaliza, vuta kiti. Na kama jua likianza kuzama hasira haijakwisha, vuta kiti hivyohivyo, tushone nayo.

Mama yako, anayesikiliza hatua zako langoni